Aliyefunga Mto Ngarenanyuki

Ephraimu wa Kaloleni alikuwa na vyeo vingi kuliko mashati. Msimu wa mahindi alikuwa afisa kilimo. Wakati wa uchaguzi alikuwa mratibu, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaratibu nini. Mwaka ule wa kipindupindu alivaa koti jeupe, akapita nyumba hadi nyumba akikagua vyoo na kukunja uso, na watu wakamshukuru kwa kukunja uso. Shule aliiacha mapema, lakini kalamu hakuiacha. Mfukoni mwa shati alichomeka mbili, ya bluu na nyekundu, na ile nyekundu ndiyo iliyomlisha.

Jumatano moja asubuhi alikuwa amekaa kwenye benchi la Magreth, nyuma ya uwanja wa mpira, anakunywa supu. Gari la matangazo likapita polepole, spika juu.

"Ndugu wananchi, Jumamosi hii kutakuwa na mbio za baiskeli za milimani, kutoka Momela kwenda Ngarenanyuki. Kwa usalama wa washiriki, kivuko cha mto kitafungwa kwa muda. Mifugo, punda, mikokoteni, bodaboda na magari havitaruhusiwa kuvuka mpaka mshiriki wa mwisho apite. Tunaomba ushirikiano wenu."

Watu wote pale bandani walisikia habari ya baiskeli. Ephraimu alisikia habari ya ng'ombe. Jumamosi ni siku ya mnada. Mnada uko ng'ambo hii ya mto, upande wa mjini, ng'ombe wako ng'ambo ile, na mvua za vuli zimeujaza mto kiasi kwamba pa kuvukia ni mahali pamoja tu. Akaweka bakuli chini bila kumaliza supu, jambo ambalo Magreth hakuwahi kuliona.

"Unaumwa?" Magreth akauliza.

"Nimepata mbuzi."

"Wako wapi?"

"Bado wako kwa wenyewe."

Magreth alikuwa mwanamke mwenye jiko kubwa kuliko yote nyuma ya uwanja, na kisu ambacho kila mtu alikiheshimu. Ephraimu alikuwa akilitaka jiko na mwenye jiko, kwa mpangilio ambao ulibadilika kutegemea njaa. Wiki iliyopita Magreth alikuwa amempa jibu. Jumapili kuna mechi kubwa, watu watakula nyama mpaka mifupa. Ephraimu akileta mbuzi kabla ya Jumamosi kuisha, ataingia ndani ya banda kama mshirika, na mengine yataongelewa humo ndani. Akija mikono mitupu, basi benchi lile ni la wateja, na yeye si mteja.

"Jumamosi jioni," Ephraimu akasema, akichukua kofia yake. "Noa kisu."

"Kisu changu hakijawahi kusubiri mwanamume," Magreth akasema, akaendelea kukata vitunguu.

*

Alhamisi alishuka Ngarenanyuki akiwa na koti la kung'aa, lile la mafundi wa barabara, filimbi shingoni, na roli la utepe mwekundu na mweupe. Mto ulikuwa umevimba, rangi ya udongo wa tofali. Akakata fimbo, akaingia majini mpaka magotini, akaichovya, akaitoa, akaitazama, akatikisa kichwa kama daktari. Hapo alikuwa hajamwona mtu yeyote, lakini Ephraimu alikuwa fundi, na fundi wa kweli huanza kazi kabla ya watazamaji.

Mtazamaji akaja. Alikuwa mzee mrefu, shuka nyekundu ndani, koti la suti juu, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo. Alisimama ukingoni akatazama mpaka akaridhika.

"Shikamoo, mzee," Ephraimu akasema.

"Marahaba. Umepoteza kitu humo?"

"Napima mto. Naitwa Ephraimu, Afisa Usalama wa Mito, Kanda."

"Kanda ipi?"

"Yote."

Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Aliitwa Lemburis. Boma lake lilionekana pale juu, na ng'ombe wake walionekana kila mahali. Ephraimu alihesabu kwa jicho, akapoteza hesabu, akafurahi.

"Jumamosi mto unafungwa, mzee wangu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia mpaka mwisho?"

"Sijui mwisho wake uko wapi."

Ephraimu akatoka majini, akasogea, akashusha sauti, ingawa aliyekuwa karibu ni ndama mmoja tu. "Kuna ruhusa maalum. Chache. Kwa wazee wenye heshima zao. Alfajiri Jumamosi mimi mwenyewe nasimama hapa. Nikipuliza filimbi, ng'ombe wako wanavuka kwenda mnadani. Asiye na ruhusa atabaki huku, anautazama mnada kwa mbali kama sinema."

"Na hiyo ruhusa mtu anaipataje?"

"Serikali haipokei hela mkononi, mzee. Hilo ni kosa kubwa, na mimi mwenyewe silipendi." Akanyamaza ili kosa hilo lipite na kwenda zake. "Lakini mbuzi si hela."

Lemburis akashusha fimbo mabegani. "Kweli," akasema. "Mbuzi si hela hata kidogo. Twende nyumbani."

Sasa, Ephraimu alikuwa amepokea vitu vingi maishani, na vyote alivipokea nyuma ya nyumba. Mtu humvuta pembeni, hutazama kushoto na kulia, hukohoa, kitu kinapita. Huyu mzee hakufanya hivyo. Alifika bomani akamwita mkewe Silantoi. Akawaita majirani. Akaita hata mama mkwe wa jirani aliyekuwa amelala. Walipokusanyika akamtoa beberu mweupe mwenye doa jeusi usoni, akaweka mkono juu ya mgongo wake, akamtemea Ephraimu mate kidogo kifuani, kwa baraka, na kusema kwa sauti ya mtu anayesoma somo la Jumapili:

"Mbuzi huyu nakupa, na hawa wote wameona. Kuanzia leo mimi sikuiti afisa, na wewe usiniite mzee. Wewe utaniita Pakine, na mimi nitakuita Pakine. Mpaka tufe."

"Ni cheo?" Ephraimu akauliza.

Silantoi akaficha mdomo kwa shuka.

"Ni zaidi," Lemburis akasema. "Cheo mtu anavuliwa."

Basi Ephraimu akakipenda. Kabla ya Ijumaa kuisha wakaja watu wengine watano, na kila mmoja akaja na mke, watoto na mnyama mchana kweupe. Wanne walileta mbuzi, nao wakawa Pakine. Wa tano, jina lake Lengai, alileta kondoo, akaeleza kwamba yeye kwa sababu ya kondoo atamwita Paker, na Ephraimu akajibu kwamba ofisi yake haibagui. Akanyweshwa maziwa. Akatandikiwa ngozi. Akaulizwa kwake mjini ni wapi hasa, mtaa gani, mlango wa rangi gani, na kwa kuwa alikuwa ameshiba alieleza vizuri kabisa, mpaka na mti wa mwarobaini ulio mbele ya choo.

"Rushwa ya huku ina adabu," akajiambia. "Huko mjini tumeiharibu."

"Pakine wangu," Silantoi akamwambia akimwongezea maziwa, "una mke?"

"Niko njiani, mama. Jumamosi jioni nafika."

"Basi kunywa. Usifike umekonda, akadhani hatukukutunza."

*

Jumamosi, jua halijatoka, Ephraimu alisimama kivukoni na koti lake, akapuliza filimbi. Ng'ombe wa Lemburis wakavuka kwanza, wakifuatwa na wa Lengai na wale wengine. Ilikuwa kazi safi, na aliifanya kwa mikono miwili, kama mtu aliyeumba ng'ombe na mto pia. Kisha wakavuka ng'ombe wengine ambao hakuwajua. Kisha punda watatu wa mtu aliyepita akipiga mswaki. Ephraimu alipuliza filimbi ya kuwazuia. Mwenye punda akamsalimia, akapita.

"Huyo hana ruhusa," Ephraimu akasema.

"Tutamwambia," Lemburis akasema, amesimama kando na fimbo yake.

Mara gari likashuka kutoka upande wa Momela. Akatoka msichana mmoja mwenye kofia ya mashindano na redio mkononi, jina lake Brenda, na vijana wawili wenye kamba. Ephraimu akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea vichakani. Lakini Brenda aliona koti la kung'aa, akaona filimbi, akaona utepe, akafurahi.

"Kumbe wametuletea mtu wa kujitolea hapa. Asante sana kwa kuwahi, kaka. Umewapitisha wa mnadani wote? Safi. Kama tulivyokubaliana na kijiji, mto unafungwa saa mbili kamili. Kabla ya hapo kila mtu anapita tu, hamna shida."

Kila mtu anapita tu. Ephraimu aligeuka polepole kumtazama Lemburis. Mzee alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, na hakuwa kiziwi.

"Umesikia, Pakine?" Lemburis akauliza.

"Ni... lugha ya kiofisi, hiyo."

"Nilidhani hivyo," mzee akasema, akavuka kuwafuata ng'ombe wake.

Hakuelewa, Ephraimu akajiambia. Mungu ni mwema, hakuelewa. Sasa kilichobaki ni kuondoka. Alikuwa amekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na kilikuwa kimesimama ng'ambo ile na dereva wake, mbuzi watano na kondoo mmoja nyuma wanalia. Akaenda kwa Brenda akitabasamu.

"Dada, hicho kigari ni cha kamati. Acha kipite haraka."

Brenda akatazama saa. "Saa mbili na dakika moja, kaka. Mto umefungwa. Si ndiyo kazi yako hii?" Akampa ncha ya kamba.

Na hivyo ndivyo Ephraimu alivyoufunga mto Ngarenanyuki kweli, akiwa ameshika kamba, maji ya baridi mpaka magotini, akiwazuia mbuzi wake mwenyewe wasivuke. Waendesha baiskeli wakaanza kushuka, matope mpaka masikioni. Wa kwanza alipita kama risasi. Wa pili akaanguka katikati ya maji, na kweli, kama kungekuwa na ng'ombe pale, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine. Ephraimu alimshika mkono akamsimamisha, na yule kijana akamwambia asante, na Ephraimu hakujua aifanyie nini ile asante, maana haikuwa na bei.

Akatokea Mmeru mmoja na mkokoteni wa nyanya, jasho linamtoka, nyanya zinapata joto.

"Mkubwa, niachie nipite. Chukua tenga moja. Mawili."

Ephraimu aliyatazama yale matenga. Akamtazama Brenda, ambaye alikuwa akimtazama yeye. "Haiwezekani, ndugu," akasema. "Ni kwa usalama wako."

Wengi walipita. Halafu wachache. Halafu mmoja mmoja. Halafu hakuna.

"Tufungue?" Ephraimu akauliza.

"Bado mmoja," Brenda akasema, akisikiliza redio. "Mzee mmoja wa benki. Anasukuma."

Mzee wa benki alisukuma baiskeli yake mchana wote. Alipofika mtoni alikaa juu ya jiwe akaomba maji, akasimulia jinsi alivyoanza mazoezi baada ya daktari kumtisha. Ephraimu, ambaye kwa kawaida angemuuzia mtu kama huyo kiwanja, alimshika kiuno akamvusha yeye na baiskeli yake. Kamba ikashushwa. Kirikuu kikavuka kikiguna.

Na pale ng'ambo, kando ya barabara, walikuwa wamesimama watu sita na fimbo zao. Mnada ulikuwa umeisha.

"Pakine," Lemburis akasema, tayari mguu mmoja ukiwa juu ya gurudumu, "tunakwenda mjini pamoja."

"Gari limejaa mbuzi, mzee... Pakine."

"Tunafahamiana nao."

*

Ephraimu alitumaini watashuka Ngurdoto. Hawakushuka. Usa River wakanunua ndizi. Tengeru walilala. Giza lilikuwa halijaingia vizuri kirikuu kilipogeuza nyuma ya uwanja pale Kaloleni, na Ephraimu akaruka chini kabla hakijasimama, kwa sababu alikuwa na mpango: mbuzi waingie bandani upesi, wazee waonyeshwe njia ya hoteli.

"Noa kisu," akamwambia Magreth. "Watano na kondoo. Nilisema, sikusema?"

Magreth alitoka nje akawatazama wanyama. Akampapasa yule beberu mweupe mgongoni, akaridhika, akakichukua kisu. Ndipo akawaona wazee wakishuka mmoja mmoja, wakinyoosha miguu.

"Shikamooni, wazee. Hawa ni nani, Ephraimu?"

"Wateja."

"Sisi ni Pakine wake," Lemburis akasema.

"Mimi ni Paker," Lengai akasema, maana hakupenda kuchanganywa.

Magreth alikishusha kisu. Mama yake alikuwa Mwarusha wa Ilboru, mwenye lugha na mila moja na wazee hawa, na kuna mambo ambayo mtoto hufundishwa kabla ya kufundishwa kutembea. Akamgeukia Ephraimu taratibu.

"Hawa mbuzi ulinunua?"

"Nilipewa."

"Mbele za watu?"

"Mbele ya kijiji kizima. Wanaheshimu sana ofisi."

"Ephraimu. Mtu akikupa mbuzi mbele ya watu, akakuita kwa jina la mbuzi, hakukuhonga. Amekufanya ndugu. Mbuzi wa namna hiyo humpeleki jikoni ukamuuza kwa mishikaki. Na mwenye mbuzi akija kwako mgeni, unajua unafanya nini?"

Ephraimu hakujua, lakini alianza kuhisi.

"Unamchinjia," Magreth akasema.

"Wote sita?"

"Wote sita wamekuja."

Alijaribu. Msimlaumu mtu kwa kujaribu. Alieleza kwamba mjini mambo ni tofauti, kwamba anaumwa mgongo, kwamba kesho kuna mechi. Wazee walimsikiliza kwa upole mkubwa huku wakijitafutia pa kukaa. Wakakaa kwenye benchi la wateja, wote sita, na lilitosha. Na Magreth, ambaye hakuwa mtu wa kucheza na mila za mama yake, akakichukua kisu tena, akachochea moto.

Walikula polepole. Walikula kama watu wanaowajua wale mbuzi tangu wakiwa wadogo, na walizungumza habari zao kwa wema: huyu alikuwa mkaidi, huyu alipenda chumvi. Walikaribisha majirani. Walimkaribisha dereva wa kirikuu, ambaye alikuwa amebaki kwa ajili hiyo. Ephraimu alikata, akageuza, akapeleka sahani, na kila alipopita mtu alimwambia, "Pakine, na wewe kula."

Magreth ndiye aliyeuliza mwisho, akimmiminia Lemburis supu. "Mzee wangu, mlimpa mbuzi kwa sababu gani hasa?"

"Alisema ataturuhusu kuvuka mto."

"Na nyinyi mkaamini?"

"Mwenyekiti wa kijiji alitutangazia wiki nzima kwamba tutapita mpaka saa mbili," Lemburis akasema. Hakuwa na haraka, alipuliza supu kwanza. "Lakini nilimwona huyu amesimama majini anapima kwa fimbo, peke yake, hakuna anayemtazama. Nikasema, huyu mtu ana shida ya mbuzi. Na sisi tuna shida ya mtu wa mjini. Ukija hospitali, unalala wapi? Ukija kwenye kesi ya ardhi, unalala wapi? Tumelala stendi miaka mingi. Sasa tuna mlango wa kijani, karibu na mwarobaini."

Ephraimu alikaa chini juu ya gogo la kuni.

Magreth alicheka mpaka akashika nguzo. Alipomaliza, alijifuta macho kwa kanga, akamtazama Ephraimu kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama mtu anayetazama sufuria la zamani na kugundua kwamba linafaa.

"Unajua kwa nini nilikuwa nakuzungusha?" akasema. "Si kwa ajili ya mbuzi. Mbuzi naweza kununua. Nilikuwa najiuliza: huyu akikimbia na hela za jiko, nitamshitaki kwa nani? Hana baba, hana mjomba, kwao kila wiki ni mahali pengine. Sasa una wazee sita. Kesho uingie bandani. Hao mbuzi wa mechi mtanipatia, wazee wangu?"

"Kwa bei ya mnada," Lemburis akasema. "Pakine atakuja kuwachukua kila wiki. Akichelewa, sisi tutakuja."

Walilala wote chumbani kwa Ephraimu, chumba kilichojengwa kwa ajili ya mtu mmoja mwembamba. Walijipanga kutoka ukutani mpaka ukutani kama magunia ya kahawa, na Lemburis, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichagua kulala mlangoni.

Ephraimu hakupata usingizi. Aliwaza basi la alfajiri la kwenda Babati. Babati hawakumjua, na Babati kulikuwa na ziwa, na ziwa nalo linaweza kufungwa kwa muda. Jogoo wa kwanza alipowika alichukua begi lake, viatu mkononi, akamvuka Lengai, akamvuka mwingine, akainua mguu juu ya Lemburis kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuweka katika kazi yoyote halali.

"Pakine," mzee akasema, macho yamefumbwa. "Unakwenda wapi?"

Mguu ulikuwa bado hewani.

"Kuwasha moto," Ephraimu akasema.

"Vizuri. Na ubandike chai. Lengai hapendi sukari nyingi."